Kosa Moja na Hukumu ya Saa

Mtu aliyesimama ukingoni mwa Mto Mara, upitao katika nchi ya Serengeti na Tarime kabla ya kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ameona jinsi nyumbu wanavyosita kwa muda mrefu, kisha wakatumbukia majini ghafula. Anayenaswa na mamba hukumbukwa kwa kunaswa kwake. Mamia ya maili aliyotembea husahauliwa. Wanahistoria nao hutazama wanadamu hivyo mara nyingi, na mfano mmoja waonekana katika mchezo wa sataranji.

Mwezi wa Julai 2025, mjini Batumi katika nchi ya Georgia, wanawake wawili wa India walikutana katika fainali ya Kombe la Dunia la wanawake. Koneru Humpy alikuwa na miaka 38, na tangu 2002 alikuwa na cheo cha bingwa mkuu, kipitacho vyeo vyote vya mchezo huo. Divya Deshmukh alikuwa na miaka 19, wala hakuwa amekipata. Walicheza michezo miwili mirefu. Yote ikawa sare.

Tarehe 28 ikaja michezo ya haraka ya kuamua: dakika 15 kwa kila mchezaji, na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Wa kwanza ukawa sare. Katika wa pili Humpy alishika kete nyeupe. Kete zilipobaki chache ubaoni na dakika zake zikawa haba, alikosea, na Divya akashinda. Jumla ikawa 2½ kwa 1½, na ushindi huo ukampa Divya cheo cha bingwa mkuu.

Mtu aweza kusema kwamba Humpy hakuiweza kasi. Lakini Desemba 2024, mjini New York, alitwaa ubingwa wa dunia wa michezo ya haraka, kwa kipimo kile kile cha saa. Wala ushindi wa Divya haukuwa sadaka ya mwenziwe, maana saa iliwabana wote wawili, na kosa halimfai mpinzani asiyeliona.

Basi mwanafunzi wa historia aliandike kosa wala asilifiche. Ila aandike pia safari iliyolitangulia, asije akadhani kwamba mto wote ni pale alipotokea mamba.