Mapigio: Pale Mpiga Picha Anapopawekea Ahadi ya Kurudi

Mjini Mwanza neno "lokesheni" lina maisha mawili. Kwa dereva wa bodaboda anayesubiri abiria karibu na Mto Mirongo, lokesheni ni kidoti kwenye simu. "Nitumie lokesheni," anasema, na akishakipata anawasha pikipiki. Kwa kijana anayeshuti video za muziki au picha za maharusi, lokesheni ni miamba ya Capri Point yenye ziwa nyuma yake, ngazi zinazopanda kati ya mawe na nyumba za Mabatini, au ukuta uliobanduka rangi katika uchochoro wa Mirongo. Wa kwanza anauliza ni wapi. Wa pili anauliza ni wapi, saa ngapi, jua litakuwa upande gani, na nani atakuja kuwafukuza.

Huyo wa pili ana kazi moja ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina lililotulia. Anapita mahali leo, bila kamera au kamera ikiwa begani tu, anaona kwamba patatoa picha siku nyingine, anapaandika, kisha anarudi. Watengeneza filamu wa Nairobi huita safari ya namna hiyo "reki", neno lililokatwa kutoka lugha ya askari wanaotangulia kupeleleza. Wa Bongo husema "kusaka lokesheni". Maneno yote mawili yanasifu kwenda. Kurudi hakuna anayekutaja, ingawa mpiga picha wa mandhari au wa mitaani anajua kwamba ukienda mara ya kwanza unapaona tu. Picha huja baadaye.

Kwa nini isipigwe leo? Sababu kubwa ni jua, na jua la Mwanza lina tabia zake. Jiji liko karibu digrii 2 na nusu kusini ya Ikweta, na jua lake huchomoza na kuzama karibu wima. Likishatokea juu ya upeo linapanda takriban digrii 15 kwa saa. Mwanga ule wa rangi ya asali ambao wapiga picha huupigania, jua likiwa chini ya digrii 6 hivi, hudumu kama dakika 25. London mwezi Juni mwanga huohuo unaweza kuchukua karibu mara mbili ya muda huo, kwa sababu kule jua hupanda kwa mshazari. Basi ushauri mwingi kuhusu "saa ya dhahabu" umeandikwa na watu ambao kwao ni saa kweli. Mwanza ni nusu saa, tena kwa kubembeleza. Aliyeanza kutafuta pa kusimama baada ya jua kuchomoza ameshachelewa.

Aliyehamia kutoka Dar es Salaam ana somo jingine. Saa ni moja nchi nzima, lakini jua halijui hilo: Mwanza huchomoza kwa wastani dakika 25 hivi baada ya Dar. Na muda wenyewe hutembea ndani ya mwaka, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hivi mwanzoni mwa Novemba hadi karibu na saa moja asubuhi mwezi Februari.

Zaidi ya muda kuna upande, na hapa ndipo wengi huumbuka. Chukua Mwamba wa Bismarck, yale mawe yaliyobebana majini karibu na kivuko cha Kamanga, yaliyopewa jina la Kansela wa Ujerumani enzi za ukoloni. Picha ambayo kila mtu anaitaka ni ya jua likizama nyuma ya mawe hayo. Lakini kati ya Juni na Desemba mahali jua linapozamia huhama kwa digrii 47 kwenye upeo. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni takriban digrii 10. Jua la Desemba na la Juni yanazama umbali wa ngumi nne na zaidi kati yao. Kwa hiyo mtu akisimama pale aliposimama rafiki yake aliyepiga picha ya kupendeza, huenda akaona jua likizamia pembeni kabisa, mwamba ukiwa peke yake kama mgeni asiye na mwenyeji. Mwamba haukusogea. Inabidi yeye asogee, ama angoje wiki yake.

Hapo ndipo upungufu wa neno "lokesheni" unapojitokeza. Linabeba vitu viwili kwa kapu moja: kinachopigwa picha na mahali anaposimama mpigaji. Mwamba wa Bismarck ni lokesheni. Jiwe la ufukweni linalokanyagwa na stendi ya kamera nalo ni lokesheni. Mwenye kuandika "Bismarck" kwenye daftari lake na kuweka nyota kwenye ramani ya simu ameandika kile ambacho asingeweza kukisahau hata kama angetaka, na ameacha kile atakachokihangaikia miezi sita baadaye.

Je, Kiswahili kina neno lake? Wa kwanza kusimama ni "mandhari". Ni neno zuri, lakini asili yake ya Kiarabu iko katika kutazama, mzizi uleule uliotupa "nadharia". Mandhari ni kinachotazamwa. Huwezi kusimama juu ya mandhari. Litumike kwa upande huo wa mambo na liachwe hapo. "Eneo" limetokana na kuenea, nalo ni pana mno: Capri Point ni eneo, Kirumba ni eneo. "Kituo" kina mvuto, maana asili yake ni kutua, ila siku hizi ukisema kituo cha picha msikilizaji atafikiria studio ya picha za pasipoti.

Linabaki "mahali", na hili lina utajiri ambao wanaosaka istilahi hawautumii. Sarufi zetu hulifundisha kama nomino ya pekee katika ngeli ya mahali, ngeli yenye vipatanishi vitatu: PA kwa mahali dhahiri, KU kwa mahali papana au pasipo dhahiri, MU kwa ndani. Sikiliza tofauti yake siku ya mvua kubwa. Mirongo pamefurika: ni pale, pengine darajani. Mirongo kumefurika: ni huko kote, usipite. Mirongo mmefurika: maji yako ndani. Kiambishi kimoja tu kimebadilisha ripoti nzima. Mpiga picha anayeweka kumbukumbu anahitaji hasa PA. Akiandika "kule Kirumba kuna mwanga mzuri asubuhi", ameandika hewa. Akiandika "pale penye ngazi ya tatu kutoka majini", ameandika kitu.

Kutoka hapo kuna njia ya kuunda neno. Kiswahili hugeuza kitenzi kuwa jina la mahali kwa kiambishi MA mwanzoni na O mwishoni: egesha inatoa maegesho, ficha inatoa maficho, kimbilia inatoa makimbilio. Mtu anapiga picha. Anapopigia, kwa kanuni hiyohiyo, ni "mapigio". Mapigio ya picha ni mahali pa miguu ya mpigaji, pamoja na upande anaoelekea. Neno hili ni pendekezo tu, halina muhuri wa Baraza la Kiswahili la Taifa, na lina kasoro moja isiyofichika: sikio la haraka linaweza kulisikia kama "mapigo", ya moyo au ya fimbo. Kasoro hiyo inavumilika. "Makao" na "makazi" yamekaa jirani miaka yote na watu hawajapotea njia. Tena si lazima "lokesheni" lifukuzwe; libaki na kazi yake ya kidoti cha simu, kazi ambayo bodaboda wamelipa kwa haki.

Tofauti kati ya mandhari na mapigio si ubishi wa kamusi. Mwaka 1899 Halford Mackinder, Mwingereza aliyeongoza safari ya kwanza kufika kilele cha Mlima Kenya, alirudi na picha za barafu ya Lewis. Miongo mingi baadaye wanasayansi waliilinganisha barafu hiyo na picha za zamani, na kusinyaa kwake kukaonekana kwa macho. Ulinganisho wa namna hiyo unahitaji kujua picha ya kwanza ilipigiwa wapi. Mandhari yamebadilika, ndiyo maana yanapimwa. Mapigio lazima yabaki yaleyale.

Sasa daftari lenyewe. Simu nyingi huandika lokesheni ndani ya picha zikiruhusiwa, kwa mfumo wa Exif uliotoka Japani mwaka 1995. Kwa hiyo njia rahisi kuliko zote ni kupiga picha ya ovyo kwa simu, ukisimama palepale. Tarakimu tano baada ya nukta katika digrii hukufikisha kwenye mita moja hivi, ingawa simu mjini, kati ya majengo na miamba, haina uhakika wa kiasi hicho. Tahadhari moja tu: picha hiyo ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo hufutwa. Ukijitumia mwenyewe "ili isipotee", umeipoteza. Itume kama faili.

Lakini simu haijui kwa nini ulisimama. Hilo ni la kuandika kwa mkono: dira ilisoma upande gani, lenzi ya milimita ngapi, tarehe na saa, na juu ya yote, nini kilikosekana. Mstari huu wa mwisho ndio wenye thamani kubwa, na ndio unaorukwa zaidi. "Pazuri sana, rudi" ni maandishi ya mtu anayejidanganya. "Ukuta uko kivulini, unatazama kaskazini, rudi Juni" yanatosha. Mwanza, jua hukaa upande wa kaskazini adhuhuri tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha huhamia kusini. Ukuta wa Mirongo unaotazama kaskazini na kuoga jua mwezi Juni unakuwa kivulini Desemba, kutwa nzima.

Wavuvi wa ziwa hili wangecheka wakiona kalenda ya mpiga picha isiyo na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani karabai, leo mara nyingi taa za betri na sola. Taa hizo huwavuta dagaa katika giza, hivyo mwezi ukiwa mpevu kazi hupungua au kusimama. Anayetaka kupiga kutoka mlimani ile safu ya taa inayofanya ziwa lionekane kama mji wa pili lazima aandike "siku za giza". Akija wakati wa mbalamwezi atapata ziwa jeupe, zuri, na tupu. Magugu maji nayo yana ratiba ya upepo: ghuba iliyokuwa ya kijani asubuhi inaweza kuwa maji matupu jioni.

Waswahili husema akiba haiozi. Akiba ya mapigio huoza. Maji ya Ziwa Viktoria yalipanda sana mwaka 2020, yakapanda tena 2024, na sehemu za ufuko zilizokuwa za kukanyaga zikawa za kuogelea. Mto Mirongo wenyewe ni mito miwili: masika unashuka kutoka milimani ukiwa na maji ya udongo na taka za jiji, kiangazi unabaki mkondo mwembamba. Mwenye daftari la miaka mitano bila tarehe hana akiba. Ana kumbukumbu za utotoni.

Na kuna safu ya ruhusa, isiyopendwa na mtu. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na kuingia kuna taratibu za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Filamu huombewa kibali Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya 1976. Droni ni habari ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katika mwalo wa Kirumba hakuna bodi inayomsimamia mama anayeanika dagaa, ila ana uso wake na ana shughuli zake. Aliyepaandika kama mapigio aandike pia kwamba alisalimia, nani alikubali, na nani alikataa. Kwenye makaburi ya Igoma walikozikwa baadhi ya waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya 21 Mei 1996, hata mwanga uwe mzuri kiasi gani, wengine wataona afadhali kuacha ukurasa wazi.

Ukitaka kuona daftari likifanya kazi, fikiria mtu aliyekuwa akivuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi, kusini mwa jiji. Kwa miaka mingi pale palikuwa na malori yaliyopangana, wachuuzi wa mahindi na samaki, abiria wakitazama saa. Mwezi Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa, na kungoja kukaisha. Aliyeandika "Kigongo, foleni, watu wanaosubiri, rudi na lenzi fupi" amefutiwa mandhari. Mapigio bado yapo: ukingo uleule, dira ileile. Chini ya mstari wa zamani, badala ya kuukata, anaandika mpya: nguzo zinaingia majini upande wa kushoto, magari yanapita juu bila kusimama, ufukweni pametulia, kilichokosekana, mtumbwi.