Mauti Chini ya Kibo: Hadithi ya 1936 na Filamu ya 1952

Hadithi fupi ya Ernest Hemingway, The Snows of Kilimanjaro, ilichapwa katika jarida la Esquire Agosti 1936, miaka 10 baada ya Richard Reusch, mchungaji wa Kilutheri, kuukuta mzoga wa chui ulioganda kwenye ukingo wa kasoko ya Kibo. Hemingway anafungua kwa mzoga huo, asiufasiri. Kitisho kimo katika namna mauti yanavyomwendea Harry, ambaye mguu wake umeoza: yanakaribia kitanda, yanamlalia kifuani, na nje fisi analia. Ndege inayompeleka kileleni ni njozi ya mtu anayekata roho.

Filamu ya Henry King ya 1952 ilimponya. Helen anakitumbua kidonda, na ndege ya kweli inafika. Fisi, ambaye katika masimulizi mengi ya Afrika Mashariki ni mnyama wa wachawi, hapo hana tena wa kumlilia. Chui naye amekuwa kitendawili chenye kudai jibu. Hasara hiyo ni kubwa kuliko uzuri wa picha zake.

Molo, mtumishi, hakubadilishwa: kotekote hupokea amri. Mtazamaji wa Kahe, auonaye mlima huo mawingu yanapotanda na kutanduka, hasikii popote Molo akiulizwa mlima huo ni nini kwake.