Maumivu ya chembe ya moyo: Kwa nini hurudi baada ya dawa?

NI jambo la kawaida kwa mkazi wa Kimuli, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, au wa mji wowote nchini, anapoungua chembe ya moyo kushauriwa aache maharage, anywe maziwa na anunue omeprazoli. Hupata nafuu, lakini baada ya wiki chache maumivu hurejea. Dawa hiyo hupunguza asidi tu. Chanzo cha ugonjwa hubaki palepale.

Ndani ya tumbo kuna utando wenye ute unaoukinga ukuta wake dhidi ya asidi inayosaga chakula. Utando huo ukivimba, mgonjwa huungua, hushiba upesi, hubeua na kusikia kichefuchefu. Wengi huita hali hii vidonda vya tumbo, ingawa kidonda huenda hakijatokea.

Chanzo chake

Chanzo kikuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimtambua mwaka 1982 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Huambukizwa zaidi utotoni, kwa mate, matapishi au kinyesi, na bila tiba huweza kukaa tumboni maisha yote.

Chanzo kingine ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Mkulima wa migomba na kahawa anayezimeza kila mgongo unapouma huchubua tumbo lake bila kujua. Pombe kali nayo, ikiwemo gongo, huunguza utando huo.

Vipimo na tiba

Kipimo bora ni cha kinyesi au cha pumzi. Kipimo cha damu huweza kuonyesha maambukizi hata baada ya mgonjwa kupona, hivyo wapo wanaotibiwa tena bila sababu. Kabla ya kupima kinyesi au pumzi, mgonjwa aache omeprazoli kwa wiki mbili na antibaiotiki kwa wiki nne, kwa ushauri wa daktari.

Akikutwa na bakteria, hupewa antibaiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya asidi, kwa kawaida kwa siku 14. Anayeacha siku ya tano kwa sababu maumivu yameisha humwachia bakteria nafasi ya kuwa sugu. Wiki nne au zaidi baada ya dozi, apimwe tena.

Chakula

Pilipili na kahawa, ya kunywa au ya kutafuna kama ilivyo desturi Kagera, huweza kuchochea maumivu, lakini si chanzo cha maradhi. Maziwa hutuliza kwa muda, kisha huongeza asidi. Mgonjwa aepuke kile tu kinachomdhuru. Kuacha maharage bila sababu, pale ambapo ndizi ndiyo chakula kikuu, ni kujinyima protini.

Dalili za hatari

Kutapika damu, choo cheusi kama lami, kukonda, chakula kukwama kooni au upungufu wa damu vyahitaji hospitali bila kuchelewa. Huenda mgonjwa akahitaji kipimo cha kamera, kinachopatikana katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Bakteria huyu ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya tumbo. Maumivu yanayorudi yapimwe, yasizimwe tu kwa vidonge.