Picha ya Titi na Neno 'Mgonjwa'

Mwaka 1913, mjini Berlin, daktari mpasuaji Albert Salomon alipiga picha za eksirei za matiti yapatayo 3,000 yaliyokwisha kukatwa, akazilinganisha na uvimbe wenyewe. Wenye matiti hayo walikuwa wagonjwa hasa. Lakini jaribio lililoanza New York mwishoni mwa 1963 liliwahusu wanawake wapatao 62,000, wa miaka 40 hadi 64, waliochaguliwa kwa uanachama wao katika bima ya afya, si kwa dalili. Nusu yao waliitwa kupigwa picha. Mfasiri anayewaita hao 'wagonjwa' huwatia maradhi kwa kalamu. Neno letu 'uchunguzi' limebebeshwa maana mbili: kuitafuta saratani miongoni mwa wazima, na kuithibitisha kwa aliyekwisha kuona uvimbe. Twapendekeza ya kwanza iitwe 'uchunguzi wa awali', na ya pili 'utambuzi'.