Kiti cha Mbunge wa Masisi ni cha Nani?

 Jambo kwa mama na baba mliokimbia Masisi na Walikale, mnaolala chini ya hema, shuleni au kwa jamaa. Jambo kwa Bami, wakuu wa vijiji na wachungaji. Leo tuzungumze juu ya kiti kimoja tu: kiti cha mbunge wa taifa. Watu wamekigombania kana kwamba ni shamba la urithi. Tufuate historia yake kwa njia ya maisha ya mbunge mmoja, Edouard Mwangachuchu Hizi.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, watu wenye asili ya Rwanda waliokaa Kongo miaka 10 waliruhusiwa kupiga kura. Baadaye sheria zikageuka na kugeuka tena. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wale waliokaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta. Basi mwenyeji akaogopa kwamba hesabu ya kura itamnyang'anya ardhi na umwami wake. Jirani yake akaogopa kwamba kunyimwa kura ni kunyimwa makao. Hofu hizo mbili zikazaa damu. Tarehe 20 Machi 1993 soko la Ntoto, katika Walikale, lilishambuliwa, na moto ukaenea hadi Masisi. Maelfu waliuawa, na watu wapatao 250,000 wakahama. Hakuna kabila ambalo halikuzika.

Mwangachuchu ni mzaliwa wa Masisi, Mtutsi. Vita vya miaka ile ya 1990 vilimkimbiza yeye pia, akafika hadi Marekani. Alirudi, akaanzisha kampuni ya kuchimba koltani huko Rubaya. Baada ya uchaguzi wa 2006, akawa seneta wa Kivu Kaskazini. Tukumbuke hapa kwamba seneta huchaguliwa na wabunge wa jimbo. Mbunge wa taifa ndiye anayekuja mwenyewe kuomba kura mlangoni pako.

Mwaka 2011 aliomba kura hizo katika Masisi, kwa jina la CNDP. Hilo lilikuwa kundi la silaha, ambalo baada ya mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 liligeuka kuwa chama. Je, watu waliweza kusahau bunduki upesi hivyo? Uchaguzi wa Novemba 2011 katika Masisi uliingiwa na fujo na udanganyifu, hata mwaka 2012 tume ya uchaguzi, CENI, ikataka matokeo ya ubunge yafutwe katika maeneo 7 ya nchi, Masisi likiwamo. Fikiri juu ya mama aliyepanga mstari tangu alfajiri, mtoto mgongoni, kisha akasikia kwamba kura ya kwao imeharibika.

Katika uchaguzi wa Desemba 2018 Mwangachuchu alichaguliwa kuwa mbunge wa Masisi. Tarehe 1 Machi 2023, vita vya M23 vikiwa vimewaka tena, alikamatwa Kinshasa. Tarehe 6 Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya Kijeshi ilimhukumu adhabu ya kifo kwa uhaini, kushiriki katika uasi wa M23 na kuwa na silaha bila haki. Yeye alikanusha mashitaka.

Ndugu zangu, sisi hatukuja kuhukumu mara ya pili. Lakini kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza: hatia ni ya mtu, si ya kabila. Mahakama haikuhukumu ukoo wala lugha. Anayemtupia jirani yake jiwe kwa sababu ya hukumu ya mtu mwingine, huyo anavunja sheria.

La pili: tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipiga kura. Walikale walipiga. Masisi na Rutshuru hawakupiga, kwa sababu ya vita. Masisi haikumchagua hata mbunge mmoja siku ile. Mhunde hakupata wa kumsemea, wala Mhutu, wala Mtutsi, wala Mtembo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 101, inasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa zima. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwauliza mawaziri: barabara ya Sake kwenda Masisi iko wapi? Waliokimbia watarudi lini, na nani atalinda mashamba yao? Mimi nimesoma sheria, lakini najua kifungu ni karatasi tu mpaka wananchi wakishike.

Basi, ninyi viongozi, msiseme tena "kiti chetu" mkimaanisha kabila. Nanyi mliokimbia, tunzeni kadi zenu kama mnavyotunza hati za shamba, maana kukimbia hakuondoi uraia. Siku ya uchaguzi itakapokuja, mgombea asiulizwe, "Wewe ni mtoto wa nani?" Aulizwe, "Utawasemea nini wale wasiokupigia kura?" Akikosa jibu mbele ya jirani zako wote, hakufai hata wewe wa kabila lake.

Amani iwe kwenu.