Ufunguo wa XZ

Wahenga walinena: kikulacho ki nguoni mwako. Programu ya XZ, ikunjayo data ili zichukue nafasi ndogo, imo katika mifumo mingi ya Linux, na maandishi yake yako wazi kwa kila msomaji. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Ufini, bila ujira. Mwaka 2021 akatokea msaidizi aliyejiita Jia Tan, akaleta masahihisho mema. Mwaka uliofuata majina yasiyojulikana yalimlaumu Collin kwa kukawia, yakadai mtunzaji wa pili. Mchovu humshukuru ampokeaye mzigo. Jia Tan akapewa ruhusa ya kubadili programu na kutoa matoleo.

Februari 2024 mlango wa siri ulifichwa katika toleo 5.6.0. Mhandisi Andres Freund, alipoona kuingia katika kompyuta kunachelewa kama nusu sekunde, alichunguza, na tarehe 29 Machi akaitangaza hila hiyo.

Kosa halikuwa kuamini, maana pasipo kuaminiana hakuna kazi ya kujitolea. Kosa lilikuwa la wengi waliofaidi jasho la mmoja, wakamwachia peke yake mzigo pamoja na ufunguo.