Shahada ya uzamili ya masoko: inamfaa nani katika kampuni za matangazo?

Mpwa wangu amepanga nyumba Tuala, kule Kajiado baina ya Rongai na Kitengela, kwa kuwa kodi za Nairobi zilimshinda. Akishasali alfajiri hupanda matatu mpaka Rongai, kisha nyingine mpaka mjini, kwenye kampuni ya matangazo alikoajiriwa kuhudumia wateja. Mwezi uliopita alinipigia simu: "Mjomba, nisome uzamili wa masoko ama niweke akiba yangu?" Mimi elimu yangu ni ya stashahada, basi sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Nimeulizia, nimesoma, na naandika hapa kwa kuwa najua vijana wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu walioko huko bara wana swali hilo hilo.

Kwanza tuielewe kampuni yenyewe. Kampuni ya matangazo si watu wa kuchora na kuimba peke yao. Kuna wanaokaa na mteja na kulinda bajeti yake, kuna wabunifu wanaoandika na kusanifu, kuna wanaonunua nafasi redioni, kwenye televisheni, mabango na mitandaoni, na kuna wapanga mikakati. Shahada haina uzito sawa kwa hawa wote, na hapo ndipo vijana wengi wanapopoteza pesa.

Mbunifu hapimwi kwa vyeti. Atakayemwajiri atataka kuona kazi alizokwisha kuzifanya, basi. David Ogilvy, ambaye kampuni yenye jina lake ipo hadi Nairobi, aliondoka Oxford bila kumaliza, akauza majiko nyumba kwa nyumba huko Scotland, na mwaka 1948 akafungua kampuni yake New York. Watu hupenda kuishia hapo wanapoisimulia habari yake. Wanasahau kwamba kabla ya hapo alifanya kazi na Gallup, watafiti wa maoni ya watu, na maisha yake yote alisisitiza kuwa tangazo lianze na utafiti. Elimu aliipata, ila hakuipatia darasani.

Mpanga mikakati ndiye uzamili unaomfaa zaidi. Kazi hiyo ilizaliwa London mwaka 1968, pale Stephen King wa kampuni ya J. Walter Thompson na Stanley Pollitt wa BMP walipotaka awepo mtu wa kumsemea mnunuzi ndani ya kampuni, kwa ushahidi. Mtu huyo lazima ajue kuuliza maswali ya utafiti, kusoma takwimu bila kudanganywa nazo, na kueleza kwa nini mama wa Kongowea ananunua sabuni hii akaiacha ile. Tabia za wanunuzi, utafiti wa soko, usimamizi wa chapa na upangaji wa bei ndizo nguzo za masomo ya uzamili wa masoko.

Anayehudumia wateja, kama mpwa wangu, naye hufaidika, ila kwa njia nyingine. Siku moja mteja atamuuliza: nikikuongezea milioni mbili, mauzo yangu yatapanda kiasi gani? Anayejua rangi na picha tu atatoa macho. Aliyesoma hesabu za biashara ataongea lugha moja na mkurugenzi wa fedha. Tena elimu hiyo humfungulia mlango wa upande wa pili: benki, kampuni za simu na watengenezaji wa bidhaa huajiri mameneja wa chapa, na hao ndio wanaoziajiri kampuni za matangazo. Tukumbuke pia biashara hii si duka la mtu mmoja tena. Scangroup ya Nairobi iliingia soko la hisa mwaka 2006, na mwaka 2013 WPP ya Uingereza ikachukua hisa nyingi zaidi. Katika kampuni kubwa namna hiyo, ukitaka cheo cha juu lazima uelewe usimamizi, si kampeni peke yake.

Sasa shahada ipi? Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa sayansi katika masoko, unaochimba soko lenyewe. MBA ni pana zaidi; inagusa fedha, watu na mikakati, na masoko huwa tawi mojawapo. Kwa mkaazi wa Tuala, Chuo Kikuu cha Africa Nazarene kiko upande huo huo wa Rongai na kinafundisha MBA. Usitazame ukaribu tu. Hakikisha kozi yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kozi hiyo hasa, mbali na jina la chuo.

Wenzangu wa stashahada tusijidanganye: katika ngazi za sifa za elimu za Kenya stashahada ni ya 6, shahada ya kwanza ni ya 7 na uzamili ni wa 9. Huwezi kuruka. Lakini vyuo vingi humpunguzia mwenye stashahada baadhi ya masomo ya shahada ya kwanza, kwa hivyo beba orodha ya alama zako uulize. Njia nyingine ni vyeti vya taaluma vya CIM ya Uingereza, ambavyo husomwa kidogo kidogo mtu akiwa kazini.

Halafu kuna pesa. Bodi ya HELB hukopesha hata wanafunzi wa uzamili, lakini kuna riba, na kwa Muislamu hilo si jambo dogo. Afadhali kulipa kwa muhula kutoka mshaharani, au kuomba mwajiri achangie kwa mkataba wa kubaki naye muda fulani. Soma mkataba huo vizuri kabla ya kutia saini.

Na kuna tasnifu. Wengi humaliza masomo ya darasani, wakakwama miaka kwenye utafiti. Dawa yake ni kuchagua mada inayotoka kazini kwako. Lakini usichukue data za wateja kiholela, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwanafunzi.

Liko moja ambalo mpwa wangu hakuliuliza, nikalisema mimi: pombe na kamari ni wateja wanono wa kampuni hizi. Kijana wa cheo cha chini hupewa akaunti yoyote iliyopo. Mwenye ujuzi adimu ana nguvu kidogo ya kusema hii sitaifanya, nipeni ya maziwa.

Nilimshauri asubiri afikishe miaka miwili kazini, ajue kwanza kama anataka mikakati au ubunifu. Amekwisha kumwandikia mkubwa wake kuomba mchango wa nusu ya karo. Jibu bado, lakini anasema ikiwa ni hapana, ataanza na cheti kimoja cha CIM kwa akiba yake.